Kabla hujapiga mbizi Pwani Kusini, jiulize wapenda nini

KUNA watu ambao wakisikia jina Diani huona picha moja tu: mchanga mweupe, mnazi ulioinama na mtalii aliyelala chini ya mwavuli. Mimi nilikuwa nikisikia jina hilo nakumbuka kichefuchefu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, miaka 14 iliyopita, mwaka mmoja kabla sijaolewa. Mimi na wenzangu watatu wa chuo tulichanga pesa, tukapanda basi la usiku kutoka Nairobi, tukavuka feri ya Likoni alfajiri na kufika Diani tukiwa na hamu isiyo kifani. Ufuoni tulimkuta mtu aliyetuahidi kutuonyesha "bustani ya chini ya maji". Hatukuuliza neno. Tulilipa, tukapewa miwani na mabomba ya kupumulia, tukapelekwa kwa mashua hadi ukingo wa mwamba.

Lo! Mawimbi yaliturusha kama bisi chunguni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sikuona samaki hata mmoja. Nilikunywa maji ya chumvi hadi nikatosheka, kisha nikatapika njia nzima tukirudi. Hapo nikaapa kwamba bahari ina wenyewe, na mimi si mmoja wao.

Leo najua kwamba kosa halikuwa la bahari. Tulikwenda mahali pasipotufaa, katika msimu usiofaa, kutafuta kitu ambacho hata sisi hatukukijua. Na hilo, mpenzi msomaji, ndilo kosa linalofanywa na familia nyingi za mjini zinazoweka akiba mwaka mzima ili kwenda Pwani. Huchagua kwa kutazama picha za wengine badala ya kujitazama wenyewe.

Watu watano, nia tano

Februari iliyopita nililazimika kuvunja kiapo changu. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa ameazima maktabani kitabu cha wanyama wa baharini na tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Alitaka kumwona kasa, si katika kitabu wala katika televisheni, bali kwa macho yake.

Mume wangu ni fundi wa magari. Yeye akili yake yote iko kwenye vyuma, na alikuwa amesikia kwamba nje ya Diani kuna meli iliyozama. Alitaka kuiona. Binti yetu wa miaka sita alitaka mchanga wa kujengea nyumba, basi. Mama mkwe wangu, aliyeishi Nyandarua miaka yake 70 bila kuiona bahari, alisema yeye anataka tu kuhakikisha kama ni kweli maji yale yana chumvi. Nami? Mimi nilitaka kurudi nyumbani bila kutapika.

Watu watano, nia tano, pesa za chama za mwaka mzima na siku tano pekee. Ilibidi tukae chini kupanga.

Uliza lini kabla ya kuuliza wapi

Ukimuuliza mvuvi yeyote wa Kwale wakati mzuri wa kuingia baharini, atakujibu kwa jina la upepo. Kuna kaskazi, inayovuma kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Machi. Wakati huo bahari hutulia, maji huwa maangavu na joto lake hufikia nyuzi 28 au 29. Kisha kuna kusi, inayoanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kusi huja na mawimbi makubwa, na miezi yake ya kwanza huandamana na mvua za masika, ambazo huteremsha matope ya mito hadi baharini. Ndiyo ile chai ya maziwa niliyoogelea mimi. Kampuni nyingi za mbizi hufunga kazi Mei na Juni, na zile ambazo hazifungi huwa na siku nyingi za kukaa bure.

Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi wanachokiita tanga mbili, ambapo upepo haujaamua uende wapi. Oktoba na Novemba ni miezi mizuri sana, na kwa kawaida bei huwa hazijapanda kama za Krismasi.

Hata hivyo, kusi nayo ina zawadi yake. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani yetu. Wanatoka katika maji baridi ya kusini mwa dunia kuja kuzaa katika maji yenye joto. Ikiwa hamu yako ni kumwona mnyama mkubwa kuliko matatu akiruka juu ya maji, basi usiende Februari. Ikiwa hamu yako ni papa potwe, yule samaki mkubwa mpole mwenye madoadoa, subiri miezi ya kaskazi na uombe bahati.

Jambo la pili ni mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo maji huenda na kurudi polepole. Anayetaka kutembea juu ya mwamba na kutazama vidimbwi vyenye nyota za bahari, bamvua ndiyo yake. Anayejifunza kuogelea au kupiga mbizi, maji mafu yatamhurumia zaidi.

Sisi tulichagua wiki ya maji mafu, mwezi wa Februari.

Diani kwa anayetaka kuzama

Tulisafiri kwa treni ya Madaraka, ambayo imekuwa ikiunganisha Nairobi na Mombasa tangu 2017. Kutoka kituo cha Miritini hatukuingia mjini wala kupanga foleni ya feri. Tulifuata barabara mpya ya Dongo Kundu, tukavuka madaraja yake marefu na kutokea upande wa Kwale. Mama mkwe aliyatazama maji chini ya daraja na kuuliza kama ndiyo bahari. Tukamwambia bado. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Ukunda, mwendo mfupi wa tuktuk hadi ufuoni, kwa bei ambayo katika hoteli isingetosha hata chumba kimoja.

Diani ndiyo makao makuu ya mbizi katika Pwani Kusini. Mwamba wa matumbawe umetanda sambamba na ufuo kama ukuta, na kati ya ukuta huo na mchanga kuna maji ya kina kifupi yaliyotulia. Nje ya ukuta, bahari hushuka. Huko ndiko wapiga mbizi wa mtungi wa hewa wanakokwenda. Wapo walimu wenye vyeti vya kimataifa, na wengi wa vijana wanaofanya kazi hiyo ni wenyeji, watoto wa wavuvi.

Mume wangu aliuliza moja kwa moja kuhusu meli yake. Naam, ipo. Inaitwa Funguo, meli ndogo ya uvuvi iliyozamishwa makusudi mwaka wa 2002 ili iwe makao ya samaki. Imelala kwenye kina cha mita 28 hivi, nayo imefunikwa na matumbawe na kuzungukwa na makundi ya samaki.

"Lini tunakwenda?" akauliza.

"Mzee, umewahi kuzama na mtungi?" mwalimu akamuuliza.

"Bado."

"Basi Funguo itakusubiri. Haina pa kwenda."

Mwalimu alitueleza ngazi zake. Mtu asiyewahi kuzama anaweza kufundishwa asubuhi moja katika kidimbwi cha kuogelea, kisha akashuka pamoja na mwalimu hadi mita 12 na si zaidi. Anayetaka cheti cha kwanza husoma na kufanya mazoezi kwa siku tatu au nne, na cheti hicho humruhusu kufika mita 18. Ili kufika mita 30, ambako meli kama Funguo hupatikana, kuna mafunzo mengine juu ya hayo.

Usidhani ni urasimu wa bure. Kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji juu yako huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Hewa uliyoivuta kwenye kina cha mita 10 itataka nafasi mara mbili utakapofika juu. Ukiizuia pumzi yako ukipanda, mapafu yatavimba kama puto. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mbizi ni kutozuia pumzi kamwe, na ya pili ni kupanda polepole.

Mume wangu, aliyezoea kuwaonya wateja wake wasiendeshe gari bila maji ya rejeta, alielewa upesi. Akakubali mita 12.

Fomu

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Kabla ya kuzama, kila mtu hupewa fomu yenye maswali kuhusu afya yake. Je, una ugonjwa wa moyo? Umewahi kupasuliwa kifua? Una kifafa? Mume wangu alijibu hapana kila mahali. Mwanangu pia alikuwa na fomu yake, kwani mtoto wa miaka 10 na zaidi huruhusiwa kuzama na mwalimu, na mimi mzazi ndiye wa kutia sahihi.

Swali moja lilihusu pumu.

Mwanangu ana pumu. Si kali, na imepita karibu mwaka mzima bila kumshika vibaya, lakini kifaa chake cha kupulizia dawa hakikosi mfukoni. Nikamtazama. Alikuwa amevaa tayari mapezi ya miguuni, anatembea kama bata, na uso wake uling'aa. Mwaka mzima wa kusubiri. Pesa zimeshalipwa. Kalamu i mkononi mwangu.

"Nikiandika ndiyo, itakuwaje?" nikamuuliza mwalimu kwa sauti ya chini.

"Leo hatazama, mama. Mpaka daktari anayejua mambo ya mbizi ampime na kuandika barua."

"Na nikiandika hapana?"

Akanyamaza kidogo. "Mama, ukiandika hapana, mimi nitakuamini. Lakini maji hayatakuamini."

Kisha akanieleza bila kunikaripia. Njia za hewa za mwenye pumu zinaweza kubana na kunasa hewa ndani ya pafu. Nchi kavu mtoto atakohoa na kupuliza dawa yake. Chini ya maji, hewa iliyonaswa itapanuka anapopanda, na inaweza kulirarua pafu. Wapo wenye pumu wanaoruhusiwa na madaktari kupiga mbizi, lakini hilo huamuliwa kwa vipimo, haliamuliwi na mama mwenye huruma akiwa ufuoni.

Niliandika ndiyo.

Mwanangu hakulia. Alivua mapezi, akayapanga vizuri pembeni, akaenda kukaa mchangani na dadake. Pesa zake tulirudishiwa, lakini uso wake ule sikuwa na pesa za kuununua. Babake aliporejea saa sita mchana, akisimulia mkunga aliyechungulia kwenye pango lake na chewa mkubwa kama mtoto wa mbuzi, kijana alisikiliza kwa adabu na kuuliza maswali mawili. Usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani.

Msomaji, iwapo mna mtoto mwenye pumu, au masikio yanayomsumbua, au ninyi wenyewe mna shinikizo la damu, nendeni kwa daktari mkiwa bado nyumbani. Msingoje mpaka mfike ufuoni, moyo ukitaka hiki na kalamu ikitakiwa kuandika kile.

Msambweni na Gazi kwa asiye na haraka

Siku ya tatu tulichukua matatu ya kuelekea Lunga Lunga. Nia yetu ilikuwa Msambweni, lakini tulishuka kwanza Gazi, kijiji cha wavuvi kilicho njiani baada ya Diani.

Gazi hapana wa kukuzamisha na mtungi. Panapo mikoko. Kina mama wa hapo wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya msitu wa mikoko, na kwa ada ndogo mmoja wao atawatembeza na kuwaonyesha aina mbalimbali za miti hiyo na kazi ya kila mmoja. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wameendesha mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao huitunza mikoko na kuuza ng'ambo haki ya hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani, na mapato yake yamesaidia shule na maji. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Huenda ukauliza, mikoko inahusiana vipi na mbizi? Kwa jumla! Samaki wengi wanaoonwa na mpiga mbizi kwenye mwamba walilelewa utotoni kati ya mizizi ya mikoko na katika nyasi za bahari. Ukikata mikoko, utazamia mwamba mtupu.

Msambweni kwenyewe ni kinyume cha Diani. Hakuna msongamano wa hoteli, na ufuo ni mrefu na tulivu kiasi kwamba unaweza kutembea nusu saa bila kuulizwa kama unataka kupanda ngamia. Maji yakipwa, kina mama na watoto huingia kwenye vidimbwi kutafuta pweza. Anayetaka kusoma kitabu, kutazama ngalawa zikirudi na kununua samaki ambaye bado anarukaruka, hapa ndipo pake. Kwa wenye wazee na watoto wadogo, si neno dogo pia kwamba hospitali ya rufaa ya kaunti iko papo hapo.

Hapa ndipo Mama mkwe alipokata shauri. Alivua viatu, akapandisha leso yake, akaingia hadi magotini. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Alikunja uso, akatema, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ni kweli," alituambia, kana kwamba tulikuwa tukibishana naye kwa miaka 70. Akaagiza chupa, akajaza maji ya kuwapelekea wanawake wa kanisa lake.

Kama safari yetu ingekomea hapo, kwa upande wake ingekuwa imelipa.

Kisite kwa mwenye miwani na bomba

Siku ya nne tuliamka alfajiri kwenda Shimoni, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Ukunda. Jina lenyewe limetokana na mapango yaliyopo hapo, ambamo simulizi za wenyeji zasema watumwa walifungiwa kabla ya kusafirishwa. Mapango hayo yanasimamiwa na wanakijiji, na ada yake husaidia mahitaji yao. Ingia, lakini ingia kwa heshima.

Ng'ambo ya mlango wa bahari kuna kisiwa cha Wasini, kisicho na gari hata moja, chenye watu wanaozungumza Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili. Na nje ya Wasini, mwendo wa saa moja hivi kwa jahazi, ndiyo Kisite.

Hifadhi ya Bahari ya Kisite na Mpunguti ina eneo la kilomita 39 hivi za mraba, na ilitengwa miaka ya 1970. Upande wa Kisite uvuvi wa kila aina ni marufuku. Upande wa Mpunguti wavuvi huruhusiwa kutumia njia za kienyeji. Tofauti utaiona kwa macho. Samaki wa Kisite hawamwogopi mtu, kwa vile hawajafunzwa kumwogopa.

Jambo la muhimu zaidi kwa familia kama yetu ni kwamba matumbawe ya Kisite yako karibu na uso wa maji. Huhitaji mtungi. Huhitaji cheti. Miwani, bomba la kupumulia, jaketi la kujiokoa na mtu wa kukushika mkono vyatosha.

Njiani pomboo walitutangulia. Nahodha wetu, mzee wa Wasini mwenye kofia ya kiua, alizima injini na kuwaacha wapite. Mashua nyingine iliwakimbiza na wakatoweka. "Pomboo ni kama mgeni," mzee akasema. "Ukimfukuzia, haji tena kwako."

Nilimweleza kuhusu pumu ya mwanangu kabla hajaingia majini. Hakushtuka. Aliagiza dawa yake ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji na kuwekwa mahali kila mtu anapoweza kupaona. Kisha akamwita mmoja wa vijana wake awe naye asimwache hata hatua moja. Alipoona kijana wangu bado ana uso mzito, akamuuliza kulikoni.

"Kasa yuko chini sana, na mimi siruhusiwi kwenda chini," mwanangu akamjibu.

Mzee akacheka. "Nani kakwambia? Mjukuu wangu, kasa hana matamvua kama samaki. Anavuta hewa hii hii unayovuta wewe. Lazima apande juu. Wewe mngojee hapo hapo kwenye mlango wake."

Tuliingia majini. Naam, hata mimi! Chini yangu palikuwa na matumbawe yenye umbo la ubongo, ya pembe za paa, na mengine kama meza zilizoandaliwa. Samaki wa manjano wenye mistari walipita mbele ya miwani yangu kama wanafunzi wa shule moja. Nilisahau kuogopa. Nilisahau hata kichefuchefu.

Kisha nikasikia mlio ndani ya maji, mwanangu akipiga kelele ndani ya bomba lake. Mita tatu mbele yake kasa alikuwa akipanda, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mawazo mengine. Alitoa kichwa, akavuta pumzi, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa juu ya maji, mtoto na kasa, kila mmoja na pumzi yake. Kisha kasa akashuka zake.

Mwanangu hakumfuata wala kumgusa. Aliporudi kwenye jahazi, hakusema neno kwa robo saa. Nadhani hilo lilikuwa jibu la ile fomu.

Chakula cha mchana tulikula Wasini: kaa, samaki na wali wa nazi. Baadaye Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa amebaki kisiwani, alitupeleka akiwa sasa ndiye kiongozi wetu kwenye bustani ya matumbawe ya kale. Ni mahali ambapo mwamba uliokuwa chini ya bahari zamani umebaki nchi kavu, na kina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu yake. Ukitaka kutembea kwenye matumbawe bila kulowa wala kuyavunja, hapo ndipo.

Ng'ambo ya mpaka

Huenda baada ya kusoma haya ukagundua kwamba unachokitaka hakipo Kwale. Hilo si kosa. Anayependa kuta za bahari zinazoshuka hadi gizani, na aliyekwisha kupata uzoefu, atafurahia Pemba. Anayemtaka papa potwe kuliko kitu kingine, aende Mafia kati ya Oktoba na Machi. Chumbe, karibu na Unguja, hapana mbizi za mtungi kwa wageni, ila mwamba wake ni wa kutazamwa kwa miwani na bomba, na umehifadhiwa vizuri. Na kwa wakazi wa kaskazini mwa pwani yetu, Malindi na Watamu kuna hifadhi za bahari zilizotengwa mwaka wa 1968.

Popote uendapo, kumbuka kwamba matumbawe ni viumbe hai vinavyoweza kufa. Mwaka wa 1998, joto la El Niño liliyaua matumbawe mengi mno katika pwani ya Kenya, yakabaki meupe kama mifupa. Joto lilirudi 2016, na tena 2024. Mengine yamechipuka upya, na Wasini wenyeji wakishirikiana na watafiti wamekuwa wakiyapanda kwa mkono kama miche. Kwa hiyo usiyakanyage, usiyashike, usinunue kombe wala matumbawe ufuoni, na badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, vaa fulana.

Kabla ya kurejea nyumbani

Kuna jambo moja ambalo wasafiri wengi wa bara hawalijui. Aliyezama na mtungi hubakiwa na gesi ya nitrojeni mwilini, nayo huhitaji muda kutoka. Ndiyo maana huambiwa asipande ndege mpaka saa 18 zipite. Lakini Nairobi yenyewe iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari! Anayepanda treni au basi jioni ile ile aliyozama, anapanda mlima bila kujua. Zama mwanzoni mwa safari, na siku ya mwisho mwachie mchanga. Mume wangu alizama siku ya pili, tukaondoka ya tano.

Mengine ni ya kawaida. Mwombe mwalimu akuonyeshe cheti chake, na uhakikishe mashua ina majaketi ya kutosha, hata ya watoto. Patana bei kabla ya kupanda, na uliza bei ya mwananchi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa mtandao, hivyo simu yako iwe na chaji na pesa. Asiyejua kuogelea kabisa anaweza kukodi mashua yenye sakafu ya kioo pale Diani na kutazama mwamba bila kulowa hata kidole.

Lakini kabla ya hayo yote, kaeni mezani, mzunguke, kila mtu aseme anataka kuona nini na mwili wake unaweza nini. Andikeni. Kisha ndipo mchague mahali na mwezi.

Mume wangu ameanza kuweka akiba ya cheti. Funguo bado inamsubiri. Mwanangu ana miadi na daktari wa kifua mwezi ujao, na akiambiwa hapana, amesema si hoja, anajua mlango wa kasa uko wapi. Binti yetu bado anadai kwamba mchanga wa Diani ndio bora duniani. Na kule Nyandarua, kanisani, kuna chupa ya maji ambayo kila mgeni lazima aonje.